Nilimvua Mama Mkubwa Jina Akiwa Hai

"Mmemzika wapi dada yangu?"

Hiyo ndiyo salamu niliyopokelewa nayo.

Nimeshuka tu kwenye bodaboda pale Malolo, Ruangwa, hata dereva sijamalizana naye, Mjomba Bakary huyo! Kanikamata gauni hapa shingoni, mkono mwingine kashika fimbo.

"Mjomba, shikamoo..."

"Sitaki shikamoo yako! Mmemzika wapi?"

Nikachungulia nyuma yake. Turubai limefungwa. Wanawake wamekaa chini kwenye mikeka, wamejifunika vitenge. Wengine walishalia mpaka sauti zimewakauka. Jikoni sufuria kubwa la msibani liko juu ya mafiga.

"Nani kafa, Mjomba?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sasa nimuulize nani jamani!"

"Shamimu! Dada yangu Nakawale, wewe na Somoe mmemzika wapi? Mmeona ukoo hauna maana, mkazika wenyewe hukohuko Nachingwea?"

Nyie... nilitaka kucheka. Kweli kabisa, kicheko kilinifika hapa.

Maana Nakawale ni mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu mzazi. Na asubuhi ya siku hiyohiyo nilimwacha hospitali Nachingwea, amekaa kitandani, ananisema kwamba uji niliompelekea nimeujaza sukari utadhani ni wa mtoto.

"Mjomba, Mama Mkubwa mzima! Nimetoka kwake sasa hivi, kanituma nguo zake!"

Mjomba akaniachia gauni. Akatoa simu mfukoni, akanisogezea kioo mpaka karibu kiniguse pua.

Ilikuwa stetasi yangu ya wasapu.

Bango nililolitengeneza mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Picha ya Mama Mkubwa anacheka. Chini yake maandishi makubwa ya njano:

NAKAWALE MPYA HUYU HAPA! KARIBUNI NYOTE!

Kicheko kikafia kooni. Nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Kwa sababu nilijua nimefanya nini. Na kibaya zaidi, ndugu zangu, nilikuwa najua tangu mwanzo.

...

Kila wiki mnaniuliza humu: "Dada Shamimu, tovuti yenu ya muziki mbona ina jina la ajabu hivyo?" Huwa nawajibu kwa utani, nawawekea kikatuni cha kucheka, tunapita. Leo nasema ukweli. Kaeni mkao.

Kwanza, wasiotoka kwetu niwaeleweshe. Ukoo wa mama zetu una jina moja la kike, Nakawale. Hilo haliko kama Shamimu au Ashura, ambayo hata shuleni mnaweza kuwa kumi wenye jina hilo. Nakawale anakuwa mmoja tu. Mama Mkubwa jina lake la kuzaliwa ni Ashura, ila tangu alipovishwa Nakawale, hakuna mkubwa wa ukoo aliyemwita Ashura tena.

Jina hilo linahama siku moja tu. Mwenye nalo akifa, akazikwa, ukoo unakaa. Mjomba anamkalisha mrithi kwenye mkeka, anamfunika kitambaa cheupe. Akimfunua anasema maneno haya: "Nakawale mpya huyu hapa."

Sasa someni tena lile bango langu.

Mnaona?

Kwa mtu wa kwetu, lile bango lilisema Nakawale wa zamani kafa, kazikwa, na jina kapewa mwingine. Na wote pale Malolo walijua yuko wodini anaumwa. Wakapiga simu ya Somoe, binti yake anayemuuguza, haipatikani. Chaji ilikuwa imeisha. Wakapiga ya kwangu...

Ya kwangu ilikuwa hewani.

Niliziona simu za Mjomba usiku wa kuamkia siku hiyo. Nikazikaushia. Nilijua ananipigia kunisema kuhusu jina, nikasema moyoni, huyu mzee asinizingue, nitamjibu kesho.

Ndiyo wakafunga turubai.

...

Ilikuwaje mpaka nikafika huko?

Mimi na mshkaji wangu Geofrey tulikuwa tunaanzisha tovuti. Geofrey ni Mmakua wa Nachingwea, mtoto wa Kigango, alijifunzia kinanda kanisani, na chumba chake ndiyo studio. Magodoro ukutani, feni marufuku kuwashwa wakati mtu anarekodi. Mnatoka humo mmelowa jasho utadhani mlikuwa mnapalilia.

Vijana wa huku wanajua kuimba, nyie! Wa Nanganga wanachana mistari mpaka unasisimka. Kuna dada mmoja wa Matambarale akipiga taarabu yake unaacha sufuria liungue. Lakini nani anawajua? Ukipeleka wimbo kwenye tovuti za mjini unaambiwa utoe hela kwanza, halafu wanauweka chini kabisa, hauonekani. Tukasema basi, tunafungua ya kwetu. Hakuna lebo wala bosi. Msanii analeta wimbo wake, watu wanapakua.

Kila kitu kilikuwa tayari. Kasoro jina.

"Kusini Flava," nilisema.

"Ishachukuliwa."

"Korosho Miziki."

"Watadhani tunauza korosho."

"Mwera Sauti!"

Geofrey akanikata jicho. "Mwera tu? Na sisi Wamakua tukaimbie porini?"

Tulibishana hivyo wiki nzima. Tunagombana, tunanuniana, tunanunua mihogo ya kukaanga, tunapatana.

Sasa katika nyimbo tulizokuwa nazo, mmoja ulikuwa moto kuliko zote. Mama Mkubwa alikuwa anaimba huku anapepeta ufuta uani kwake, mimi nikamwomba nimrekodi. Akacheka sana. "Rekodi, mwanangu. Sauti ya kizee hii utampelekea nani?" Geofrey akaiwekea biti. Mambo yakawa mambo! Bodaboda wote wa Ruangwa mjini wakawa nao. Mpaka watoto wa shule wakawa wanaitikia.

Basi siku hiyo mtangazaji mmoja wa Dar akatujibu. Alisema atatutaja kwenye kipindi chake cha jioni. "Nitumieni jina la tovuti haraka, naingia studio."

Geofrey akaanza kutembea huku na huku. "Jina, Shamimu! Jina!"

Na hapo ndipo likanijia.

"Nakawale."

Akasimama.

"Geofrey, sikiliza lilivyo! Nakawale! Fupi, halipo popote duniani, na sauti yake ndiyo inayotubeba!"

"Zuri," akasema. "Ila hilo si la mama yako mkubwa? Hata kwetu Wamakua majina ya hivyo hayaokotwi tu. Umemuomba mwenyewe?"

Ndugu zangu, hospitali ilikuwa hapohapo Nachingwea. Bodaboda ya dakika chache tu. Ningeweza kwenda, nimuulize, nirudi.

Sikwenda. Kwa sababu nilijua atasema hapana.

Nikamtazama Geofrey machoni, nikamwambia, "Nimemuomba jana. Kacheka, kasema chukueni."

Hivyo tu. Bila hata kumeza mate.

Na yale maneno ya kwenye bango, msidhani yaliniponyoka. Nilikuwepo utotoni siku Mama Mkubwa anavishwa. Niliyasikia, nywele zikanisimama. Nikasema yakiandikwa hayo, kila mtu wa huku atafungua. Nilitaka kiki, nizungumziwe kila mahali.

Nikaipata.

Mtangazaji akalitaja. "Nakawale! Muziki wa kusini bila bosi!" Mimi na Geofrey tuliruka mpaka kitanda cha watu kikavunjika chaga. Kesho yake asubuhi nikampelekea Mama Mkubwa uji, sikumwambia neno. Akanituma Malolo nguo.

Sasa mnajua nilivyofika kwenye lile turubai.

...

"Piga," Mjomba akaniamuru. "Piga simu, tumsikie. Weka sauti kubwa."

Nikapiga. Safari hii simu ya Somoe ikaita.

"Shamimu, umeshafika?"

"Dada Somoe... mpe Mama Mkubwa simu."

Uani wanawake wakaacha kulia. Mpaka watoto wakanyamazishwa.

"Haloo? We Shamimu, kile kitenge cha bluu usikisahau."

Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu na mimi akapiga yowe! Wengine wakashika vichwa. Mmoja alikimbia kabisa, akadhani ni mzimu. Mjomba akakaa kwenye kiti, akafuta macho na kiganja.

"Dada," akasema. "Ni wewe?"

"Bakary? Unalia nini? Kuna nini hapo, mbona nasikia watu?"

Nilimwonyesha Mjomba ishara asiseme. Nilimbembeleza kwa macho, kwa mikono, kwa kila kitu.

Lakini Mjomba hajui kudanganya.

"Tumekulilia, dada. Tumekulilia tangu asubuhi. Shamimu kalivaa jina lako. Kalivalisha hilo duka lao la nyimbo kwenye simu, katangaza Nakawale mpya."

Nilisubiri anitukane. Niliomba anitukane.

Simu ikakatika.

...

Alhamisi ilikuwa siku yake ya upasuaji. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari alishasema usichelewe.

Nilipofika wodini jioni ile nilimkuta kalala kaelekea ukutani. Uji uko pembeni umeganda. Somoe amesimama mlangoni, macho mekundu.

Somoe kanizidi miaka mingi. Ndiye aliyenibeba mgongoni utotoni. Hakunipiga wala hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Kakataa kupasuliwa."

"Kwa nini?"

"Muulize."

Nikapiga magoti pembeni ya kitanda. "Mama Mkubwa..."

Hakugeuka. Akajibu kwa Kimwera, mimi nawatafsiria.

"Mimi nimeshaliliwa. Jina limeshaondoka. Huyo daktari anampasua nani?"

"Nitalifuta, Mama Mkubwa! Nalifuta sasa hivi!"

"Sauti uliniomba, nikakupa. Mbona jina hukuniomba?"

Nikaanza kumnyooshea shuka.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Nilijua utakataa."

Hapo ndipo akageuka. Akanitazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Basi jibu langu ulikuwa nalo," akasema.

Jamani, kuna maneno ukiambiwa unatamani ardhi ipasuke uzame.

Geofrey alikuwa nyuma yangu na machungwa yake kwenye mfuko, kaja kumwona mgonjwa. Kimwera anakisikia, na kasikia yote.

"Shamimu. Si uliniambia alicheka?"

"Nilikudanganya."

Akaweka machungwa chini taratibu, akatoka. Nikamfuata mpaka kwenye korido.

"Geofrey, nisamehe..."

"Usiniguse. Unajua mimi nimelitangaza hilo jina kwa mdomo wangu mpaka kanisani? Nimewaambia watu, bibi kabariki! Umenifanya mwizi na mimi bila kujua."

Hata robo saa haikuisha akaifunga tovuti yote. Nyimbo za wale vijana wa Nanganga, ule wa dada wa Matambarale, zote zikapotea hewani. Wakaanza kunipigia mmoja mmoja. "Dada, vipi, mbona haifunguki?"

Nikarudi wodini mbio. "Mama Mkubwa, tumefuta! Haipo tena!"

"Aliyeona ameshaona," akasema. Akarudi kuelekea ukutani.

Alhamisi ikafika. Ikapita. Kitanda chake cha upasuaji akapewa mtu mwingine.

Daktari alikuja, akamweleza kwa upole, akamweleza kwa ukali. Wapi! Somoe alilia mbele yake. Mjomba alitoka Malolo na gari la abiria la asubuhi, Noah, akamsihi. Mama Mkubwa anasikiliza, anaitikia, halafu anasema, "Mnaongea na nani? Nakawale mlishamlilia."

Mimi nilikuwa nalala chini ya kitanda chake kwenye mkeka. Kula sikuweza. Nilikuwa namwangalia anavyokonda usoni, najiambia, Shamimu, huyu ukimzika, umemuua wewe. Kwa kidole chako. Kwa ajili ya kusikia jina redioni.

Mwishowe nikamwambia Mjomba, "Kuna njia gani? Niambie hata kama ni kutambaa mpaka Malolo, nitatambaa."

Mjomba akafikiri. "Jina likivaliwa kimakosa, linavuliwa. Zamani mtu mmoja alijivisha la ukoo wa jirani. Walimkalisha mbele ya haohao waliomwona, akasema kosa lake mwenyewe kwa mdomo wake, akalirudisha. Tatizo lako wewe, waliokuona ni dunia nzima."

Kutoka kitandani sauti ikasema, "Basi awaite."

Wote tukageuka.

"Watu wa Malolo wanamwita Bakary," Mama Mkubwa akasema. "Hao wa kwenye simu, akawaite aliyewatangazia."

...

Nilimpigia Geofrey. Nilijua hatapokea. Akapokea.

"Nataka kwenda laivu. Nataka kusema."

"Kusema nini?"

"Yote."

Nikamsikia anachomoa nyaya. Halafu, "Nakuja na ile taa ya kurekodia."

Siku ya pili yake muuguzi wa zamu akaturuhusu tumtoe Mama Mkubwa nje, kwenye kivuli cha jengo. Tukamketisha kwenye kiti, kajifunga kitenge chake cha bluu. Watu wa Malolo walikuja gari zima, wamekaa chini kwenye majani. Geofrey akasimamisha simu kwenye kijiti chake, akanionyesha dole gumba.

Watu wakaanza kumiminika. Komenti zikaanza. "Mambo vipi Nakawale!" "Wimbo mpya lini?" "Dada leo umependeza!"

Nilikuwa nimejifunza maneno mazuri usiku. Yote yakanikimbia.

"Mimi Shamimu," nikasema, "nimelichukua jina la mama mkubwa wangu bila kumuomba. Nilijua siyo la kuchukua. Geofrey aliniuliza, nikamdanganya. Mjomba alinipigia, sikupokea. Nimesababisha watu wamlilie mtu aliye hai. Jina si la tovuti. Mwenye jina ni huyu hapa, yuko hai, na hakuna Nakawale mwingine."

Nililia kwa kwikwi, kamasi zinatoka, dunia inaniona. Na baadhi yenu mlikuwepo, maana nakumbuka komenti zenu. Kuna mliosema nimefanya igizo. Kuna aliyeandika, "Kiki zingine bwana, huyo bibi keshakufa, hiyo video ya zamani."

Geofrey akaisoma ile kwa sauti kabla hajafikiri.

Mama Mkubwa akauliza, "Anasemaje huyo?"

"Anasema... anasema huenda haupo, Bibi."

Akanyoosha mkono. "Lete hapa hiyo simu."

Akaishika kichwa chini miguu juu, Geofrey akamgeuzia. Akaisogeza mpaka ikawa inaonyesha pua tu na jicho moja.

"We mtoto wa watu uliyeandika," akasema. "Mimi Nakawale. Nipo. Bado nipo. Na wewe kaoge."

Wacha watu wacheke! Wale wa Malolo waligaragara kwenye majani. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Komenti zikamwagika: "Bado yupo!" "Bibi bado yupo!" "Bado yupooo!"

Mama Mkubwa akamrudishia Geofrey simu, akaniuliza, "Hilo duka lenu sasa linaitwaje?"

"Halina jina, Mama Mkubwa. Tumelifunga."

"Na watoto waliowapa nyimbo zao?"

Nikainamisha kichwa.

"Lifungueni. Liiteni hayo wanayosema hao. Bado Yupo. Nataka kila siku ukiamka uliandike wewe mwenyewe kwa mkono wako."

Halafu akamgeukia Somoe. "Mwambie daktari niko tayari. Na mniletee uji. Usio na sukari nyingi."

Hivyo ndivyo tovuti yetu ilivyopata jina. BADO YUPO. Mlidhani ni jina la kishkaji tu, sivyo?

...

Ningependa kuishia hapo. Ingekuwa hadithi nzuri, tungecheka wote, mngenipa maua.

Alipasuliwa, akapona jeraha, akarudi Malolo. Alipepeta ufuta tena. Tulimrekodi tena, safari hii nikimuomba kila kitu, mpaka akachoka. "Shamimu, unaniomba hata ruhusa ya kukohoa?"

Msimu wa korosho ulipoanza, mabibo yanaanguka, maumivu ya tumbo yakarudi. Tulimpeleka. Daktari alitazama picha zake, akatutazama sisi.

Alifia nyumbani kwake, mkono wake kaushika Somoe.

Nilimfuata daktari baadaye peke yangu. Nikamuuliza, "Zile siku alizokataa... ndizo zilizomuua?"

Akavua miwani. "Uvimbe ulikuwa mkubwa tangu alipokuja. Ila mapema ingekuwa bora."

Ni hayo tu. Hakusema ni mimi. Hakusema si mimi. Mngekuwa mmekaa na hayo maneno kifuani mngejua ninavyolala.

Arobaini ilipopita ukoo ukakaa. Mkeka ukatandikwa uani, kitambaa cheupe juu yake. Kila mtu alijua ni wa Somoe. Nani mwingine? Mimi sikusogea hata karibu. Nilikuwa nyuma jikoni nasugua masufuria, na hapo ndipo pa mtu kama mimi.

Somoe akaja jikoni.

"Njoo."

"Nikusaidie nini, dada?"

"Njoo tu."

Akanishika mkono na masizi yangu. Akanipitisha katikati ya watu. Akanikalisha kwenye mkeka.

"Dada, unafanya nini!"

Mjomba Bakary akasimama. "Marehemu aliacha neno kwangu na kwa binti yake. Alisema aliyelitamani hili jina mpaka akalichukua, apewe. Alibebe na kazi zake zote."

Nikaruka. "Hapana! Mjomba, mimi sistahili! Hata kuulizwa sijaulizwa!"

Mjomba akanitazama. "Na wewe ulimuuliza?"

Nikakaa.

Kitambaa kikashuka kichwani. Ndani mle nilisikia pumzi yangu tu. Kilipofunuliwa Mjomba akayasema yale maneno, yaleyale niliyoyaandika kwa rangi ya njano, na safari hii wanawake wakapiga vigelegele huku wanalia.

Kuna kitu sikuwaambia kuhusu jina letu. Ukilivaa, unakuwa yule mtu. Unakaa pale alipokuwa amekaa. Wajukuu zake ni wajukuu zako, ugomvi wao unaamua wewe, msiba wao unaamka wewe kwanza.

Na watoto wake ni watoto wako.

Somoe aliyenibeba mgongoni, Somoe ambaye huenda nimemchukulia mama yake kwa sababu ya kiki, akapiga goti mbele yangu. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

Sikuweza kuitikia. Alisubiri pale chini, watu wote wanatungoja, mpaka nikajilazimisha.

"Marahaba... mwanangu."

Mpaka leo sijui Mama Mkubwa alinisamehe au alinifunga. Nimemuuliza Somoe, akasema na yeye hajui.

Funzo langu nawapa bila kupindisha. Ukiona unaogopa kumuuliza mtu kwa sababu unajua atakataa, basi ameshakujibu. Usijidanganye kwamba hukupata nafasi. Mimi nilikuwa nayo, tena nzima, na bodaboda zilikuwa zimepanga foleni nje.

Leo tovuti ina wasanii wengi kutoka Nachingwea, Ruangwa mpaka huko kwenu. Geofrey bado tunafanya naye kazi, ila nikimwambia kitu siku hizi anampigia mhusika kwanza kuhakikisha. Simlaumu.

Kama kuna mtu una kitu chake hukumuomba, na yuko hai, acha kusoma hapa, mpigie.

Mimi naishia hapa, simu inaita. Ni Somoe, mtoto wake ana homa tangu jana. Nikipokea ataniita mama, na itabidi niitike.